Anayetahiniwa ni Tovuti, Si Mzee wa Diff

KISWAHILI kina maneno mawili ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni pacha: mtihani na jaribio. Ni kweli kwamba siku hizi walimu huita hata mitihani midogo majaribio, lakini tofauti bado ipo na ina uzito. Katika mtihani, anayefaulu au kuanguka ni mtu. Katika jaribio, kinachofaulu au kuanguka ni chombo. Fundi akijaribisha pampu ya kisima na maji yasitoke, halaumu ndoo. Isitoshe, Waswahili wa pwani hutumia neno mtihani kwa maana ya msukosuko, shida inayompata mja na kumpima imani. Mtu akipotelewa na mali husema, “Ni mtihani huu.”

Leo nataka kuitazama tofauti hiyo kupitia jambo ambalo wanalugha wetu hawajalishughulikia vya kutosha: namna ya kutunga maagizo anayopewa mtu wa kawaida anapoketishwa mbele ya tovuti ili tovuti hiyo ijaribiwe. Huenda msomaji akaona hili ni jambo la mafundi wa kompyuta. La hasha. Ni suala la lugha, na katika nchi yetu ni suala la historia pia.

Tangu mwaka wa 2014, serikali imekuwa ikihamishia huduma zake kwenye jukwaa la eCitizen. Juni 30, 2023, ilipozindua mpango wa Gava Mkononi, huduma hizo zilitajwa kuwa zaidi ya 5,000. Maana yake ni kwamba Mkenya anayetaka pasipoti, leseni au cheti cha kuzaliwa hukutana na serikali kwanza kwenye skrini kabla ya kukutana na karani. Sasa fikiria Diff, mji mdogo wa wafugaji katika eneo la Wajir Kusini, mpakani kabisa na Somalia. Huko skrini ni ya simu, na simu bila mlingoti ni tochi tu. Katika kaunti za mpakani, wapiganaji wa Al-Shabaab wameshambulia milingoti ya mawasiliano mara kadhaa. Mtu aliyepata mtandao kwa nusu saa hana muda wa kukisia neno fulani kwenye fomu lina maana gani.

Wabunifu wa tovuti wana njia ya kugundua matatizo ya namna hii mapema. Tuiite jaribio la wepesi wa matumizi. Humchukua mtu asiyehusika na ujenzi wa tovuti, wakampa jambo la kufanya, kisha wakanyamaza na kutazama anapokwama. Jambo analopewa lina sehemu mbili. Ya kwanza ni shughuli yenyewe, yaani kile anachotakiwa kukamilisha. Ya pili ni kisa, yaani hali inayomfanya akihitaji kitu hicho. Kwa kawaida yote mawili hayazidi sentensi tatu au nne. Hata hivyo, sentensi hizo zikitungwa vibaya, jaribio hugeuka mtihani, na anayeanguka huwa ni yule mzee.

Nimeichagua Diff kwa sababu watu wa kaskazini mashariki mwa Kenya wana historia ndefu ya kuulizwa maswali na wenye mamlaka. Mwaka wa 1902, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni. Mwaka wa 1926, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa kifupi kama NFD, ilitangazwa kuwa eneo lililofungwa, na mwaka wa 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Kwingineko nchini, kuanzia 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole na taarifa za waajiri wake, iliyotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning’inizwa shingoni. Kitazame kipande kwa jicho la mwanalugha. Aliyekibeba hakuwa aliyekusudiwa kukisoma. Maneno yake yaliandikwa kwa ajili ya mwajiri na polisi. Hiyo ndiyo asili ya fomu nyingi za serikali yetu: fomu inayomhusu mtu bila kuzungumza naye.

Mwaka wa 1962, Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Onyiuke wa Nigeria na Meja Jenerali Bogert wa Canada, kuwauliza wakazi wa NFD walitaka mustakabali gani. Ripoti ilitoka Desemba mwaka huo. Ilieleza kuwa Wasomali wengi walitaka kujitenga na kuungana na Somalia. Miezi michache baadaye, eneo hilo lilifanywa mkoa wa saba wa Kenya, na vita vya Shifta vikafuata. Sijaingia hapa kuhukumu siasa za wakati ule. Ninachosema ni kwamba watu waliulizwa, wakajibu, na jibu lao halikufuatwa. Kumbukumbu ya namna hiyo haifutiki upesi.

Kisha ikaja Novemba 1989. Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa kufika mbele ya makundi ya maafisa na wazee, waeleze nasaba zao, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Mtu aliyekuwa na kitambulisho cha taifa mfukoni alitahiniwa upya kama ni Mkenya. Hata baada ya hapo, kijana wa Wajir, Garissa au Mandera aliyetaka kitambulisho alipigwa msasa wa ziada ambao mwenzake wa Nyeri au Kakamega hakuujua. Ilikuwa Februari 2025, akiwa Wajir, ndipo Rais William Ruto alipotia saini agizo la kuuondoa msasa huo.

Basi mtu akija Diff na kompyuta ndogo mkononi, akamwambia mzee, “Keti hapa nikuulize maswali machache,” asidhani anaanza ukurasa mweupe. Yuko nyuma ya foleni ndefu ya wauliza maswali.

Wataalamu wa saikolojia walilijua tatizo hili kabla ya kompyuta kuenea. Katika miaka ya 1931 na 1932, Mrusi Alexander Luria aliwaendea wakulima na wafugaji wa Asia ya Kati na kuwapa vitendawili vya mantiki. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba mahali fulani pako kaskazini ya mbali. Je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi wa wasiosoma walikataa kujibu. Walisema hawajafika huko, na kwamba afadhali aulizwe mtu aliyewaona dubu hao. Luria aliona hapo namna tofauti ya kufikiri. Mimi naona pia mtu mwenye adabu ya ushahidi: hasemi asichokiona. Mfugaji wa Diff anayeulizwa habari za malisho ya mbali atajibu vivyo hivyo, na wenzake watamheshimu kwa hilo.

Katika miaka ya 1960, Michael Cole na wenzake walifanya utafiti miongoni mwa Wakpelle wa Liberia. Waliwapa vitu vya aina nne, vikiwemo vyakula na zana, wavipange panapostahili. Watafiti walitarajia vyakula viwekwe pamoja na zana pamoja. Wakulima wakaweka kisu pamoja na chakula, kwa sababu kisu ndicho kinachokata chakula, wakaeleza kuwa hivyo ndivyo mwenye busara angefanya. Mtafiti alipouliza mjinga angevipangaje, vikapangwa barabara kama vitabu vya saikolojia vilivyotaka! Kumbe uwezo ulikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni agizo lililoeleza kinachotakiwa na kwa nini.

Robert Serpell naye, mwaka wa 1979, alichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester. Walipotakiwa kunakili maumbo kwa penseli, wa Manchester waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kuunda magari ya kuchezea, wa Lusaka waliongoza. Kwa udongo wa kufinyanga, wakatoshana. Hapa Kenya, Robert Sternberg na wenzake walieleza mwaka wa 2001 kuhusu watoto wa Usenge waliojua vyema dawa za miti shamba, na ambao ujuzi wao huo haukwenda sambamba na alama zao za msamiati wa shule. Ukiwapima kwa kipimo kimoja tu, utakosa kuuona.

Taaluma ya kujaribu kompyuta kwa watumiaji ilirithi mambo haya, ingawa si kila mara ilikiri. Mwaka wa 1980, Anders Ericsson na Herbert Simon waliandika kuhusu thamani ya kumwomba mtu aseme anachowaza huku akitenda. Mwaka wa 1982, Clayton Lewis wa IBM aliipeleka mbinu hiyo kwenye kompyuta. Katika muongo wa 1990, Jakob Nielsen aliifanya iwe nyepesi na ya bei nafuu, akishikilia kwamba watu watano tu wanatosha kufichua matatizo mengi. Jambo moja likabaki bila kuguswa: hao watano ni wa wapi, na maneno waliyopewa yalitungwa na nani?

Mfano mzuri zaidi tulio nao ni wa nyumbani. Oktoba 2005, kampuni za Safaricom na Vodafone zilianza kujaribu huduma ya M-Pesa jijini Nairobi na mjini Thika, kwa watu wasiofikia 500 na mawakala wanane. Shughuli iliyokusudiwa ilikuwa moja: wateja wa shirika la mikopo la Faulu walipe mikopo yao kwa simu. Watu walifundishwa, wakapewa huduma, wakaachiwa waitumie katika maisha yao. Wakafanya mengine. Wapo waliotumiana pesa wao kwa wao. Wapo waliokuwa na biashara waliohifadhi humo mauzo ya jioni kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa. Wapo waliosafiri kati ya sehemu za jaribio, wakaweka pesa walikotoka na kuzitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani. Waliosimamia jaribio wangeweza kusema watu hawa wameshindwa kufuata maagizo. Badala yake waliwatazama. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mkopo haukuwa tena kichwa cha habari. Kaulimbiu ilimwambia Mkenya atume pesa nyumbani.

Ichambue kauli hiyo: tuma pesa nyumbani. Ni maneno matatu, lakini yamebeba kitendo, kitu kinachotendewa na sababu ya kutenda. Neno “nyumbani” peke yake ni kisa kizima. Kila mfanyakazi aliyeacha mama kijijini alijiona ndani yake, na hakuambiwa abonyeze wapi. Anayetaka kujua agizo jema linavyofanana aanzie hapo.

Sasa tuingie jikoni. Chukulia tunajaribu ukurasa wa cheti cha kuzaliwa. Mtungaji wa kwanza anaandika: “Ingia, bonyeza Huduma, kisha bonyeza Vyeti.” Huyu ametoa jibu kabla ya swali. Mtu atafuata maneno kama anayefuata nyayo mchangani, na mwishoni tutatangaza kuwa tovuti ni rahisi. Kanuni ni kwamba neno lililoandikwa kwenye kitufe lisitokee kwenye agizo. Mtungaji wa pili anaandika: “Tafuta habari kuhusu vyeti.” Huyu hajasema chochote. Habari zipi, na mtu atajuaje kwamba amemaliza? Wa tatu anaandika: “Unaweza kupata ada ya cheti?” Sentensi hii ni ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Kwa Kiswahili, mzee ana haki ya kujibu, “Ndiyo, naweza,” kisha akaendelea kunywa chai yake.

Afadhali tuseme hivi: “Mtoto wako wa kike amezaliwa nyumbani miezi miwili iliyopita. Ungependa awe na karatasi ya serikali kabla ya kuanza shule. Tumia tovuti hii ujue unahitaji kupeleka nini na utalipa pesa ngapi. Ukiona umepata, niambie.” Hapa pana mtu, pana sababu, pana mwisho unaojulikana, na hakuna kitufe kilichotajwa. Pia kuna neno “nyumbani.” Kisa kinachosema mtoto alizaliwa katika hospitali kubwa kitampeleka mtumiaji kwenye njia iliyonyooka, nacho kitaacha bila kuguswa njia ile yenye mawe ambayo akina mama wengi wa vijijini huipitia.

Sarufi nayo ina neno lake. Watungaji wengi hupenda kiambishi -nge-: “Kama ungepoteza kitambulisho, ungefanya nini?” Ukimuuliza mtu hivyo, atakueleza badala ya kutenda. Atasema angeenda kwa chifu, na kweli angeenda. Lakini mikono yake haitaigusa simu. Mwambie, “Kitambulisho chako kimepotea,” kisha mpe simu. Wakati uliopo na uliotimilika humtia mtu ndani ya kisa. Masharti humweka nje, dirishani.

Kuna visa ambavyo havitamkiki. Mtungaji aliyeketi ofisini anaweza kuandika, “Tuseme mumeo amefariki na unahitaji cheti cha kifo.” Jaribu kuyatamka hayo mbele ya mama wa Diff. Atasema, “Mungu apishe mbali,” na jaribio litakuwa limekwisha. Mwambie badala yake kwamba jirani amefiwa na ameomba msaada wa kupata karatasi. Shughuli ni ile ile, na kisa hakina nuksi. Tena kinakaribia ukweli, kwa sababu katika miji midogo mtu hatumii tovuti peke yake. Kijana aliyesoma ndiye anayeshika simu, mzee anasema, na mhudumu wa saiba anamalizia. Kisa kinachodhani mtu mmoja na simu moja kinajaribu maisha ya mtu mwingine.

Mfano wa mwisho ndio unaonisumbua zaidi. Tafsiri ya kawaida ya jina la mwisho katika fomu zetu ni “jina la ukoo.” Kwa Msomali, majina hufuatana: la kwake, la baba, la babu. Hilo la tatu ndilo huandikwa mwisho kwenye kitambulisho, na si jina la ukoo hata kidogo. Neno “ukoo” litampeleka kwenye kabila na mbari yake. Akiliandika hilo, majina hayatalingana na ya kwenye rekodi, na ombi litakataliwa. Akisita kuliandika, ana sababu: mwaka wa 1989 swali hilo hilo liliamua nani ni Mkenya. Mtu wa Nairobi ataliona pengo hilo la fomu kama nafasi tatu tupu. Huko Wajir linaweza kuonekana kama mlango wa ofisi ya msasa. Jaribio moja la kweli, lenye agizo lisemalo, “Jaza majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho,” lingelifichua tatizo hili kabla ya saa sita mchana.

Hapo ndipo wajibu wa walimu na wanafunzi wa Kiswahili unapoingia. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Tumeutumia ushindi huo zaidi katika mijadala ya istilahi: kompyuta au tarakilishi, nywila au nenosiri. Mijadala hiyo ina nafasi yake. Lakini ukimwambia mtu “badilisha nywila yako” na asijue nywila ni nini, hujajaribu tovuti bali umempima msamiati. Mwambie, “Unadhani mtu ameijua namba yako ya siri, fanya asiweze kuitumia tena,” halafu tazama kama ataitambua njia. Neno atakalolitamka mwenyewe anapotafuta njia hiyo ndilo linalostahili kuandikwa kwenye kitufe. Kwa namna hii, jaribio la tovuti linaweza kutufanyia kazi ambayo kamati za istilahi hazijaweza kuimaliza, na idara zetu za Kiswahili zina vijana wa kutosha wa kuifanya, wakiwemo wanaotoka Wajir na wanaojua Kisomali.

Wakienda, waanze kwa sentensi moja iliyo wazi: “Adeer, leo hatukupimi wewe, tunaipima tovuti, na ukikwama, kosa ni lake.” Kisha waandike alipokwama, wapeleke taarifa kwa wenye tovuti, na baada ya miezi michache warudi Diff na ukurasa uliorekebishwa. Sehemu ya kurudi isisahauliwe. Kizazi kilichojibu maswali ya mwaka wa 1962 kiliwasimulia watoto wake yaliyofuata, na watoto hao ndio wazee watakaoketishwa mbele ya simu hizo.